Ritani za Trump zilizokuwa kwa mhasibu: uchambuzi wa kesi ya Trump dhidi ya Vance

Tarehe 29 Agosti 2019 kampuni ya uhasibu ya Mazars USA ilipokea amri ya kuwasilisha nyaraka mbele ya jopo kuu (raia wanaopima faraghani kama mtu afunguliwe mashtaka ya jinai) la Manhattan, New York. Aliyeileta ni mwendesha mashtaka wa wilaya hiyo, Cyrus Vance Mdogo. Alitaka ritani za kodi (fomu za kila mwaka ambazo mlipakodi hutangazia mapato yake) za Donald Trump na za kampuni zake tangu tarehe 1 Januari 2011, pamoja na karatasi zilizotumika kuziandaa. Mazars ilipewa hadi 19 Septemba. Trump alikuwa Rais aliye madarakani, na nyaraka hazikutoka hadi 22 Februari 2021, baada ya shauri kupanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani mara mbili.

Wengi huisoma kesi hii kama kesi ya kinga ya rais, na vitabu vya sheria vinaifundisha hivyo. Lakini kwa anayeuliza ni lini mahakama inaweza kumlazimisha mtu kutoa ritani zake, somo lenyewe liko mahali ambapo mawakili hawakubishana sana: amri ilipelekwa kwa nani. Usiri wa kodi Marekani unamfunga anayeshika nakala, si karatasi yenyewe. Nakala ileile inaweza kuwa haigusiki katika droo moja na kuwa wazi kabisa katika droo ya pili.

Nakala moja, milango minne

Marekani mtu mwenye kipato kinachofikia kiwango cha kisheria hujaza ritani kila mwaka, hata kama ni mwajiriwa ambaye kodi yake imeshakatwa kwenye mshahara. Mkenya aliyezoea kuwasilisha ritani yake kwa iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, kabla ya 30 Juni ataelewa haraka kuliko mwajiriwa wa Tanzania ambaye PAYE, kodi ya mshahara, ikishakatwa kwa kawaida habari imeisha. Fomu kuu ya mtu binafsi ni 1040, na nyuma yake hufuata majedwali: biashara, mapato ya kupangisha nyumba, faida ya mtaji, ubia. Kwa mtu mwenye kampuni mamia kama Trump, ni mrundo wa karatasi.

Nakala zake hukaa kwa mlipakodi mwenyewe, kwa mhasibu, kwa mamlaka ya kodi ya shirikisho (IRS) na ya jimbo, na mara nyingi kwenye faili la benki iliyowahi kumkopesha.

Mlango wa IRS ndio mgumu kuliko yote. Kifungu cha 6103 cha sheria ya kodi kiliandikwa upya mwaka 1976, Bunge likiwa bado na kumbukumbu mbichi ya jinsi Ikulu ya Nixon ilivyotaka kutumia taarifa za kodi dhidi ya wapinzani. Kanuni yake ni kwamba ritani na kila taarifa inayotokana nayo ni siri. Afisa anayeitoa kinyume cha sheria anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 5. Baada ya kanuni hiyo hufuata orodha ndefu ya vighairi. Mwendesha mashtaka wa shirikisho anaweza kupata ritani kwa uchunguzi wa jinai usiohusu kodi, lakini lazima aende kwa jaji wa shirikisho, upande wa pili ukiwa haupo, aonyeshe mambo matatu: kuna sababu ya kuamini kosa mahususi la sheria ya shirikisho limetendeka, kuna sababu ya kuamini ritani inahusiana na kosa hilo, na taarifa hiyo inatakiwa kwa kesi ya jinai ya shirikisho tu, wala haipatikani kwa njia nyingine ya kawaida.

Vance alikuwa mwendesha mashtaka wa jimbo. Kighairi hicho hakimhusu. Mamlaka ya kodi ya jimbo inaweza kupewa taarifa na IRS, ila kwa ajili ya kusimamia kodi za jimbo, si kumpelekea mwendesha mashtaka anayechunguza hesabu za kampuni. Kama angeipelekea IRS amri yake, angejibiwa kwa barua fupi ya kukataliwa.

Mlango wa mlipakodi mwenyewe una tatizo lake. Mtu anayechunguzwa kwa jinai analindwa na Marekebisho ya Tano ya Katiba asijishuhudie. Ritani iliyokwisha kujazwa hailindwi kwa yale yaliyomo, kwa sababu aliijaza kabla na hakulazimishwa na mwendesha mashtaka. Lakini kitendo cha kuitoa kinaweza kuwa ushahidi: anayekabidhi karatasi anakiri kwamba ipo, kwamba anayo, na kwamba ndiyo halisi. Mahakama ya Juu ililieleza hilo katika kesi ya Fisher mwaka 1976, na tangu hapo mwendesha mashtaka mwenye busara hukwepa mzozo huo akiweza.

Kwa mhasibu kizuizi hicho hakipo. Mwaka 1973, katika kesi ya Couch, mwenye mgahawa alidai kwamba hesabu alizompa mhasibu wake zinalindwa na Marekebisho ya Tano. Mahakama ya Juu ilikataa: kinga hiyo ni ya mtu binafsi, inamzuia mtu asilazimishwe yeye, na hapa aliyelazimishwa ni mhasibu. Siri kati ya mhasibu na mteja haitambuliwi katika jinai ya shirikisho, na New York pia haina kinga ya namna hiyo. Kuna kifungu cha 7216 kinachomtishia mwandaaji wa ritani kwa kifungo cha hadi mwaka 1 akitoa taarifa za mteja bila idhini, na wateja wengi hulala usingizi wakikitegemea. Kifungu hichohicho kinasema hakihusu utoaji wa taarifa kwa amri ya mahakama, na kanuni zake zinataja amri ya jopo kuu kwa jina.

Msingi wa kutenganisha nakala na mshika nakala ni wa zamani zaidi. Mwaka 1961, katika kesi ya St. Regis Paper, kampuni ilikataa kutoa nakala zake za fomu za sensa ya viwanda ikisema sheria ya sensa imezifanya siri. Mahakama ya Juu ikajibu kwamba siri hiyo inawafunga maafisa wa serikali, haiifuati nakala iliyobaki kwenye kabati la kampuni. Mwaka uliofuata Bunge lilirekebisha sheria ya sensa ili kulinda hata nakala hizo. Kwa ritani za kodi halikufanya hivyo.

Amri yenyewe

Uchunguzi wa Vance ulianzia kwenye malipo yaliyofanywa mwaka 2016 kuwanyamazisha wanawake wawili waliodai kuwa na uhusiano na Trump. Aliyekuwa wakili wake, Michael Cohen, alikuwa amelipa dola 130,000 kwa mmoja wao, kisha akarudishiwa pesa na kampuni ya Trump. Tarehe 1 Agosti 2019 jopo kuu liliipelekea Trump Organization yenyewe amri ya kuwasilisha nyaraka za malipo hayo. Kampuni ilitoa baadhi, kisha ukazuka ubishi: je, amri ile inagusa na ritani za kodi? Vance hakupoteza muda kulumbana juu ya tafsiri. Kabla mwezi haujaisha alimwendea mhasibu.

Amri ya Mazars ina jambo moja lililozua maneno mengi. Sehemu kubwa yake ilinakiliwa karibu neno kwa neno kutoka kwenye amri ambayo kamati ya uangalizi ya Baraza la Wawakilishi ilikuwa imeipelekea Mazars Aprili 2019. Tofauti kubwa ni kwamba ya Vance ilitaja ritani za kodi waziwazi. Mawakili wa Trump waliona hapo dalili ya hila: mwendesha mashtaka anawezaje kuchunguza jinai kwa karatasi ya wanasiasa? Sisi tunaiona kama kazi ya wakili mwenye haraka. Mazars ilishajua nyaraka gani zinaitwa na orodha ile na ziko wapi, kwa hiyo nafasi ya kudai kwamba haielewi kilichotakiwa ilikuwa ndogo.

Orodha yenyewe inastahili kusomwa kwa makini kuliko kichwa chake cha habari. Pamoja na ritani, iliomba taarifa za hali ya kifedha, mikataba ya kazi kati ya mhasibu na mteja, nyaraka za chanzo zilizotumika kuandaa hesabu, karatasi za kazi za wahasibu, na mawasiliano kuhusu maandalizi hayo. Ritani peke yake ni tarakimu za mwisho, zilizokwisha kukokotolewa. Inaonyesha jengo lilitangazwa kuwa na thamani fulani au gharama fulani ilikatwa, lakini haionyeshi ni nani aliyetoa namba hiyo, kwa risiti ipi, na kama mhasibu alimwuliza. Kesi za udanganyifu wa hesabu hushindwa au kushinda kwenye karatasi za kazi. Pia hapo ndipo mtu anaweza kulinganisha thamani aliyopewa mtoza kodi na ile aliyopewa benki. Februari 2022 Mazars iliandika kwamba taarifa za hali ya kifedha za Trump za miaka 2011 hadi 2020 zisitegemewe tena. Hizo zilikuwa ndani ya aina ya nyaraka zilizoombwa, na hakuna hata moja ambayo ni ritani.

Awamu ya kwanza: je, rais anaguswa?

Mazars haikupigana. Ilisema itafuata sheria, jambo ambalo mteja yeyote wa mhasibu yeyote anapaswa kulitarajia. Aliyeingia mahakamani ni Trump mwenyewe, kwa jina lake binafsi, siku ileile ya mwisho, 19 Septemba 2019, katika mahakama ya shirikisho ya New York. Hoja yake ilikuwa moja na kubwa: rais aliye madarakani ana kinga kamili dhidi ya kila hatua ya jinai ya jimbo, hata amri inayokwenda kwa mtu wa tatu.

Jaji Victor Marrero aliikataa tarehe 7 Oktoba. Katika Mahakama ya Rufaa, tarehe 23 Oktoba, jaji mmoja alimuuliza wakili wa Trump kuhusu maneno ya mteja wake kwamba angeweza kumpiga mtu risasi katikati ya Fifth Avenue, barabara kuu ya New York, na asipoteze kura. Je, polisi wa jimbo wasingeweza hata kuchunguza? Wakili alijibu kwamba wakati rais yuko madarakani, hakuna kinachoweza kufanyika. Lilikuwa jibu aminifu kwa nadharia aliyokuwa akiitetea, na liliiua nadharia hiyo. Tarehe 4 Novemba mahakama iliamua kwamba amri kwa mhasibu haimzuii rais kufanya kazi yake, wala haimlazimishi yeye kufanya lolote.

Hapa kuna mpango wa kiutaratibu unaostahili kuigwa. Pande zote zilikubaliana Vance asitekeleze amri wakati shauri likiendelea, na kwa upande wake Trump akakubali kupeleka ombi Mahakama ya Juu ndani ya siku 10. Mwendesha mashtaka alipata ratiba ya haraka. Mlalamikaji alipata uhakika kwamba nyaraka hazitatoka kabla hajasikilizwa. Bila makubaliano kama hayo, siku za kuwasilisha zikifika mhasibu hukabidhi, na nyaraka zikishakabidhiwa pingamizi hubaki maneno tu.

Mahakama ya Juu ilisikiliza tarehe 12 Mei 2020, kwa simu kwa sababu ya korona, na ikatoa hukumu tarehe 9 Julai. Majaji saba kwa wawili walikataa kinga kamili. Jaji Mkuu John Roberts alianzia mwaka 1807, Jaji John Marshall alipoamua katika kesi ya Aaron Burr, aliyekuwa makamu wa rais, kwamba rais anaweza kupelekewa amri ya kutoa nyaraka, akapitia kesi za marais Nixon ya 1974 na Clinton ya 1997. Hoja za Trump zilikuwa tatu: amri hizi zitampotezea rais muda, zitamchafulia jina, na zitawapa waendesha mashtaka wa wilaya zaidi ya elfu mbili silaha ya kumsumbua. Mahakama ilijibu kwamba kupotezewa muda peke yake si sababu, jibu lilelile alilopewa Clinton. Kwamba kutoa nyaraka kwa jopo linalofanya kazi kwa siri si kuchafuliwa jina. Na kwamba usumbufu una dawa zake katika sheria iliyopo.

Serikali ya shirikisho ilikuwa imependekeza njia ya kati: rais asiwe na kinga kamili, ila mwendesha mashtaka aonyeshe haja ya pekee. Majaji watano walilikataa hilo pia. Karatasi binafsi za rais, walisema, zina hadhi sawa na za raia mwingine. Majaji Kavanaugh na Gorsuch walikubali matokeo lakini wangetaka haja mahususi ionyeshwe. Thomas na Alito walipinga, kila mmoja kwa njia yake.

Awamu ya pili: hoja ambazo raia yeyote anazo

Hapa ndipo kesi inapokuwa na faida kwa msomaji ambaye si rais wa nchi yoyote. Mahakama ya Juu ilimwachia Trump silaha anazoachiwa kila mtu: aseme amri ni pana kupita kiasi, au imetolewa kwa nia mbaya. Akazitumia zote mbili, na zote mbili zikavunjika, kwa sababu zinazofundisha.

Jopo kuu la New York ni raia 16 hadi 23 wanaokaa faraghani kupima kama ushahidi unatosha kumfungulia mtu mashtaka. 12 wakikubaliana, mashtaka hufunguliwa. Kwa kuwa linachunguza tu na halihukumu, amri zake huchukuliwa kuwa halali hadi mtu athibitishe vinginevyo. Kipimo cha shirikisho, kilichowekwa mwaka 1991 katika kesi ya R. Enterprises, ni kikali kwa mpingaji: amri inavunjwa pale tu ambapo hakuna uwezekano wa maana kwamba aina ya nyaraka zilizoombwa italeta taarifa inayohusu uchunguzi. Jopo haliruhusiwi kuvuta kokoro, lakini mzigo wa kuonyesha kwamba linavuta kokoro uko kwako, nawe hujui linachunguza nini kwa sababu kazi yake ni siri.

Trump alianguka kwenye ugumu huo hasa. Katika hati yake mpya ya madai ya Julai 2020 alisema amri ni pana mno: inahusu karibu miaka tisa, kampuni kadha wa kadha, na biashara zilizo nje ya New York na nje ya Marekani, ilhali uchunguzi ni wa malipo ya 2016 tu. Vance alijibu kwamba dhana ya "2016 tu" ameitunga mlalamikaji, akataja taarifa zilizokwisha kuchapishwa magazetini kuhusu uwezekano wa udanganyifu wa muda mrefu katika kampuni. Marrero alimuunga mkono tarehe 20 Agosti 2020, na Mahakama ya Rufaa tarehe 7 Oktoba. Ukijenga hoja ya upana juu ya mpaka wa uchunguzi usioujua, mahakama itasema mpaka huo umeuchora mwenyewe. Nyaraka zilizoombwa, ilisema Mahakama ya Rufaa, ni za kawaida kabisa katika uchunguzi wa hesabu za kampuni.

Hoja ya nia mbaya ilitegemea kunakiliwa kwa amri ya kamati, na ukweli kwamba amri ya Mazars ilikuja baada ya Trump Organization kukataa ritani. Majaji walisema mambo yote mawili yana maelezo ya kawaida: unapotaka nyaraka zilezile unaweza kutumia maneno yaleyale, na anayenyimwa na mmoja humwendea mwingine. Ili nia mbaya isimame lazima kuwe na kitu kinachoondoa maelezo ya kawaida, kama vile barua au kauli ya mwendesha mashtaka inayoonyesha lengo jingine. Mtiririko wa tarehe hautoshi.

Tarehe 22 Februari 2021 Mahakama ya Juu ilikataa kusimamisha utekelezaji kwa amri ya sentensi moja, bila jaji yeyote kutangaza kwamba anapinga. Nyaraka zilikabidhiwa siku hiyohiyo.

Wengine waliotaka karatasi zilezile

Wakati huohuo Baraza la Wawakilishi lilikuwa likizitafuta kwa njia mbili nyingine. Kamati ya uangalizi iliyopeleka amri kwa Mazars ilikwama: siku ileile ya 9 Julai 2020 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Bunge, tofauti na jopo kuu, linapotaka karatasi za rais lazima lipimwe kwa mambo manne, kati yake kama taarifa hiyo haipatikani kwingine na kama ombi limebanwa kwa kiasi kinachohitajika kwa utungaji sheria. Mabishano hayo yalimalizika kwa maelewano mwaka 2022.

Kamati ya kodi ilitumia mlango wa IRS, na ulifunguka kwa sababu kifungu cha 6103 kina aya inayosema mwenyekiti wa kamati hiyo akiomba ritani kwa maandishi, Waziri wa Fedha "atampa". Neno hilo moja lilipigiwa kesi kuanzia 2019 hadi 22 Novemba 2022. Tarehe 30 Desemba 2022 kamati ilichapisha ritani za miaka 2015 hadi 2020. Kwa hiyo ritani ambazo umma umeziona hazikutoka kwa Vance hata kidogo; zilizoingia kwa jopo kuu zilibaki chini ya siri ya jopo. Nazo zile ambazo New York Times liliandika Septemba 2020, zilizoonyesha kodi ya mapato ya shirikisho ya dola 750 kwa mwaka 2016 na kiasi hichohicho 2017, hazikupita mahakama yoyote. Mkandarasi wa IRS alikiri kosa la kuzivujisha na Januari 2024 akahukumiwa miaka 5.

Kwa Vance kazi ilizaa kitu kingine. Julai 2021 kampuni mbili za Trump na mkuu wake wa fedha walishtakiwa kwa kuwalipa viongozi marupurupu nje ya vitabu, kama nyumba, magari na ada za shule, bila kuyakatia kodi. Mkuu wa fedha alikiri Agosti 2022. Kampuni zilitiwa hatiani Desemba 2022 kwa makosa 17 na kutozwa faini ya dola milioni 1.6. Ukiisoma hati ya mashtaka utaona kwamba uzito uko kwenye orodha za malipo na maingizo ya leja. Waliokuwa wakingoja ritani "ziseme kila kitu" walikuwa wakingoja karatasi isiyofaa.

Kesi za madai: mizani nyingine

Yote hayo ni ya jinai. Katika jimbo lilelile la New York, mtu anayedai au kudaiwa katika kesi ya madai ana ulinzi mkubwa zaidi wa ritani kuliko alioupata rais. Mahakama za jimbo hazipendi ritani zitolewe. Anayezitaka lazima aonyeshe haja kubwa, yaani taarifa anayoitafuta ni muhimu na haipatikani kwingine. Mwajiriwa aliyeumia kazini akidai mshahara aliopoteza, barua ya mwajiri na fomu W-2 (ya mwajiri, inayoonyesha mshahara wa mwaka) zinatosha, na ombi la ritani hukataliwa. Fundi aliyejiajiri akidai hasara ya kipato hana mwajiri wa kumwandikia, hivyo ritani zake hutolewa, mara nyingi kwa miaka michache kabla na baada ya ajali. Mahakama za shirikisho hutumia mizani inayofanana: anayeomba aonyeshe uhusiano na kesi, kisha aliyekataa aonyeshe chanzo kingine chenye taarifa hiyo.

Matunzo ya watoto na talaka ni kinyume kabisa. Katika mahakama ya familia ya New York kila upande lazima uwasilishe taarifa ya mali kwa kiapo, risiti ya mshahara, na ritani ya mwisho ya shirikisho na ya jimbo. Hakuna haja ya kuthibitisha lolote, na pande haziwezi kukubaliana kuiacha. Mdaiwa asipotoa, mahakama inaweza kumpa mdai alichoomba au kumzuia mdaiwa asilete ushahidi wowote kuhusu uwezo wake wa kulipa. Wapo wanaodhani kukaa kimya ni ujanja.

Makosa ya mawakili katika kuomba yanajirudia. La kwanza ni kuandika "ritani zote": taja miaka, taja jedwali. Anayetaka kipato cha biashara aombe Jedwali C, na ombi lake litapita pale ambapo ombi la fomu nzima lingekwama. La pili ni kuipelekea IRS amri. Njia inayofanya kazi ni kuiomba mahakama imwamuru mhusika mwenyewe asaini idhini: fomu 4506 kwa nakala kamili, kwa ada ya dola 30 kwa kila ritani, au 4506-T kwa muhtasari, ambayo ni bure. Idhini ya mlipakodi ni kighairi cha kifungu cha 6103. IRS kwa kawaida hutunza nakala za 1040 kwa miaka 7, basi miaka ya nyuma zaidi ya hapo itafutwe kwa mhasibu.

Upande wa anayepinga, kosa kubwa ni kuchelewa. Katika mahakama za shirikisho, anayepeleka amri ya nyaraka kwa mtu wa tatu katika kesi ya madai lazima kwanza azijulishe pande nyingine. Ukipata taarifa hiyo na mhasibu wako ndiye aliyeandikiwa, mpigie siku hiyohiyo: pingamizi lake la maandishi linatakiwa ndani ya siku 14 au kabla ya siku ya kuwasilisha, ipi inatangulia. Omba vilevile jaji azipitie ritani faraghani kwanza, na kama ni ritani ya pamoja ya mume na mke, sehemu ya asiyehusika ifichwe. Chochote kitakachoingia kwenye faili la wazi la mahakama ya shirikisho hakitakiwi kuonyesha zaidi ya tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii na za akaunti ya benki, mwaka tu wa kuzaliwa, na herufi za kwanza tu za majina ya watoto.